Ninahamisha Kitanda cha Mama Yake Karani

Mhariri, jina langu ulifiche, lakini hasira yangu usiipunguze hata neno moja. Nina miaka arobaini na saba, ni mfanyakazi wa karakana hapa Lubumbashi, nina mke na watoto. Wasomaji wa ukurasa huu ni wengi, na baadhi yenu ndio mlionyamaza wakati ule. Basi leo mnisikilize.

Baba yangu alikuwa mzee wa reli, kipofu, akiishi katika nyumba ya wazee ya masista. Masista walifunga kamba ukutani, kutoka kitanda cha kila kipofu hadi mezani na hadi chooni. Kwa kamba ile baba alitembea bila kuomba mkono wa mtu. Ndiyo heshima pekee iliyombakia.

Katanga ilipojitenga na Kongo, wakubwa waliitaka nyumba ile, ikafungwa. Karani aliyekuja kuwapanga wazee tulimjua. Baba ndiye aliyemsimamia ubatizo. Karani alimuuliza baba kwa upole, "Tata, bankambo benu ni ba wapi?" Kwetu mzee akiulizwa bankambo, yaani mababu, hataji alikozaliwa, hutaja babu zake na mto waliokunywa maji yake, tena hutaja akiwa amesimama. Baba alizaliwa kambi ya reli hukuhuku Katanga, na Kasai hakuwahi kufika hata siku moja. Akasimama, akataja kijiji cha babu yake huko Kasai. Alidhani anaheshimiwa. Karani akaandika: Mkasai, na Wakasai wakati ule walikuwa wanafukuzwa Katanga. Kesho yake wakampakia lori, wakamshusha kwenye kambi ya mahema.

Siku nne baadaye na sisi tulifukuzwa mtaani, tukamfuata. Nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa ameshika kamba ya hema, akaifuata hadi kwenye kigingi, akangoja hapo akiutafuta mlango wa choo. Suruali ilikuwa imelowa, na watu walikuwa wanacheka. Tangu siku ile alikataa uji na maji, asije akahitaji kutoka tena. Tulimzika kulekule kambini.

Sasa kujitenga kumekwisha, nimerudi mjini. Mwezi uliopita karani alibisha kwangu, amemshika mkono mama yake, bibi mwenye mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Alisema anatafutwa na serikali, anakimbilia Ndola, ng'ambo ya mpaka, na nyumba za wazee hazipo tena. Nani alizifunga? Sikumuuliza. Nilimwambia amwache. Alinishukuru hadi akalia, mpumbavu yule.

Mama yule ana bidii. Kwa siku mbili anajifunza chumba kwa mikono: mlango uko wapi, ndoo iko wapi. Akishajua, nahamisha. Kitanda nakisukuma ukuta wa pili, kiti nakiweka njiani. Nimefanya hivyo mara tano, halafu nasimama mlangoni kumwangalia akipapasa. Sitawadanganya: nafurahi. Juzi aliangusha ndoo, akaketi ndani ya maji, akaniomba radhi: "Mwana, musinikasirikie. Kichwa inazeeka, chumba inanikimbia."

Mke wangu alinikuta nimeshika mguu wa kitanda. Hakupaza sauti.

"Baba ya batoto, ule karani alifunga nyumba ya bazee mara moja. Weye unaifunga kila siku."

Ameapa nikikigusa tena ataondoka na watoto, na mama yule atakwenda naye.

Msiniandikie habari za msamaha. Padri ameshaniambia, nami nikamuuliza alikuwa wapi lori lilipompakia baba. Wala msiniambie mama hana kosa. Najua hana, na ndiyo maana nimemchagua. Pigo la namna hii ndilo litakalomfikia mwanawe.

Jana imefika barua kutoka Ndola. Karani anauliza mama yake anaendeleaje. Nataka kumwandikia yote, hatua kwa hatua, asome akiwa mbali, asiweze kuja. Lakini nikimwandikia yote, itabidi niandike pia kwamba mama yake ananiita mwana.

Nishaurini ninyi mnaojua kuchukia. Nimtumie barua hiyo, au nikipigilie kitanda misumari sakafuni?