Mama Tabitha na Bati za Wodi Yetu

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Manyoni, wodi ya wazazi ya zahanati ilisimama kuta tupu, haina hata bati moja. Nikatangaza, kanisani na msikitini, kwamba Mama Tabitha wa Mungaa atakuja kutuimbia na kiingilio kitanunua bati. Mama Tabitha mwenyewe nilikuwa sijamwambia.

Nilimpenda tangu nilipomsikia redioni. Anaimba nyimbo za dini kama anayeongea na Mungu jikoni kwake, na kila tamasha lake hulifanya kwa ajili ya wengine: wagonjwa, yatima, wajane. Nilijua hawezi kunikatalia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Singida, nikashuka Ikungi na kuchukua bodaboda. Alizeti zilijaa pande zote za njia, upepo ukinipiga usoni, nami nilikuwa na raha zangu.

Saa nne niliingia Mungaa. Siku hiyo palikuwa na tamasha la kuwasaidia wazee, na kiingilio kilikuwa kopo la sado la mtama au kuku. Mama Tabitha alikuwa mlangoni mwa ukumbi akimshika mkono kila aliyefika. Ndiyo desturi yake: hagusi gitaa kabla hajamsalimu mtu wa mwisho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?” Alinong’ona, nikadhani ni unyenyekevu tu.

Nilimweleza yote, hata lile la kutangaza. Akacheka bila sauti.

“Koo langu linauma, baba. Daktari kanikataza kuimba mwaka mzima.”

Nyumbani watu walikuwa wameshatenga kuku na mtama, na wajawazito wetu wanasubiri paa. Niliona aibu kubwa.

Tamasha likaanza hivyo hivyo. Alifumba macho, akasali kimya kwa muda mrefu, kisha akapiga gitaa, na ukumbi mzima ukamwimbia nyimbo zake, kanzu na rozari bega kwa bega. Nililia mbele za watu.

Walipomaliza aliniita. “Nitakuja. Mikono haijakatazwa. Kuimba mtaimba wenyewe, na wewe uliyetangaza ndiye utakayeanza.”

“Mama, mimi sijui kuimba.”

“Na kutangaza ulifundishwa na nani?”

Jioni nilirudi Manyoni, na siku zilizofuata nilikwenda kukiri kosa langu kule kule nilikotangaza. Walinicheka vya kutosha.

Jumamosi ya tamasha letu Mama Tabitha alifika na gitaa lake, akasalimia foleni nzima, ndipo akanitazama. Ubeti wa kwanza niliukwaruza peke yangu. Wa pili kijiji kizima kikanipokea, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini mgeni haimbi.

Siku hizi nauliza kabla ya kutangaza, na watu wakihitaji msaada, naanza mimi. Mvua ya kwanza ya mwaka huu ilinyesha juu ya bati zetu usiku kucha, na chini yake mama mmoja akajifungua mapacha, yeye na wanawe wote watatu wakavu.