Kambo alinyamaza siku nne kambini, mimi nikamwandalia hotuba ya pole

Wakuu, hamjambo? Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo.

Nimemaliza chuo kikuu huko huko, kampasi ya Kasapa. Ni mtu wa kuwaza sana. Hata kununua viatu hunichukua wiki mbili.

Mchumba wangu Clarisse, muuguzi, alipata kazi Mitwaba, mbali kaskazini. Akaniuliza kama nakubali aende.

Miezi mitatu nikawa "bado natafakari".

Wakati huo huo nikaanzisha ugomvi mwingine. Kwetu bibi harusi hukaa kimya ukweni mpaka mume amfungue kinywa kwa zawadi. Nikasema huo ni unyanyasaji, sitaki kuuona kwenye ndoa yangu.

Clarisse akajibu, "Mila iko yetu, kinywa iko yangu. We inakuuma wapi?"

Nikakimbilia kwa bibi yangu, tunamwita Kambo, nikijua atanitetea. Enzi za Zaire ya chama kimoja aliletwa kwa treni kuolewa na babu, mchimba shaba ambaye hakuwahi kumwona. Nikampa pole kwa hotuba ndefu.

"Ulishamaliza?" akasema. "Bon. Kunileta bila kuniuliza ilikuwa mubaya. Uandike. Mais usiishie pale."

Kumbe wakwe walipoleta kitenge, alitikisa kichwa. Kuku, akatikisa tena. Siku nne kambi ya wafanyakazi ikamcheka babu: "Eh, ulioa picha?"

Siku ya tano babu akatoka kazini na vumbi lake, akamuuliza anataka nini. Kambo akanyoosha kidole kwenye jengo ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kusoma. Babu akakubali asome, mbele ya majirani.

Neno la kwanza la Kambo kwa mumewe: "Kesho."

(Baadaye nusu ya kambi ilikuja kwake kuandikiwa barua.)

Basi nikaiacha mila ipite. Siku ya harusi nikatoa kitenge kizuri. Clarisse akatikisa kichwa. Nikatoa saa ya mkononi. Akatikisa. Mashangazi wakacheka.

Kambo, ambaye kwa utani huniita mume wake, akapaza sauti: "Bwana yangu! Masomo yote ile, bado haujaelewa?"

Nikaelewa.

"Utaenda Mitwaba," nikasema, wote wakisikia. "Na mimi nitakuja."

Clarisse akainua uso. "Miezi tatu yote!"

Vigelegele vikafunika jibu langu.

Wakuu, bado nasema kumwoza msichana bila ridhaa yake ni kosa, zamani na leo. Kambo anasema hivyo hivyo. Ila nilikuwa nimeihukumu mila ile kwa miaka bila kumuuliza aliyeipitia alifanya nini humo ndani.

Naandika nikiwa Mitwaba. Muuguzi yuko kazini, mimi nafundisha sekondari. Kazi hii niliikubali siku ile ile niliyopewa, aminini msiamini.

Kwenu bibi zenu walinyamaza? Walidai nini? Waulizeni kwanza, halafu njooni mnipinge.