Makofi ya Mkwe

Harufu ya oili chafu inayoungua juu ya chuma hunirudisha Chapwa, karibu na Tunduma, kwenye banda la mabati ambamo baba alikuwa na kazi mbili: kusaga mahindi ya watu na kutoboa vyuma vyao. Injini ilikuwa moja. Mkanda mmoja ulizungusha kinu, na mwingine ukazungusha keekee, mashine kubwa ya kutobolea iliyosimama juu ya meza ya chuma. Ukitaka keekee isimame, ilibidi uusukume mkanda kwa mti, kisha usubiri. Haikuwa mashine ya kutii upesi. Nje malori ya kwenda Zambia yalipanga foleni, vumbi lake likichanganyika na pumba, na mimi, binti yake wa kwanza, niliketi juu ya gunia msimu ule wote wa kahawa kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa.

Meza ile ilikuwa na matundu mengi, na kazi ya baba ilianzia hapo. Bamba la kutobolewa hakulishika kwa mkono. Alilikandamiza kwa vibano viwili: ncha moja ya kibano ililala juu ya bamba, ncha ya pili juu ya kipande cha chuma chenye kimo sawa na bamba, kisha bolti ikapita katikati na kukazwa kwa spana. Kipande kile kikiwa kifupi, kibano huinama na kazi huteleza. Baba alikitafuta kimo hicho kwa subira iliyowachosha wateja. Yakobo, mwenzake wa kwenye kinu, alizoea kumcheka. “Fundi, unamfunga kama mbuzi wa mahari.”

“Mbuzi akikata kamba anakula mahindi ya jirani,” baba alijibu bila kuinua kichwa. “Huyu anakula watu.”

Kwetu, mkwe hasalimiwi kwa mdomo tu. Mwanamume akimwona mama mzaa mkewe huchutama, hutazama chini, na kupiga makofi taratibu kwa viganja vyote viwili mpaka ajibiwe; mama mkwe akianza yeye, mwanamume hana budi kujibu vivyo hivyo. Heshima si utumwa, ndivyo tulivyofundishwa. Bibi, mama yake mama, alikaa Mbozi, na bamba lililokuwa mezani asubuhi ile lilikuwa lake: lilikuwa liwe mguu mpya wa mashine yake ya kumenyea kahawa, maana wa zamani ulikuwa umevunjika, na kahawa mbivu ilikuwa inamharibikia. Kwa desturi angesimama barabarani amtume mtu. Wasiwasi ukamleta mwenyewe hadi mlangoni. Baba alikuwa amebakiza tundu moja. Alilegeza vibano ili alisogeze bamba, na kwa mara ya kwanza machoni pangu hakuvikaza tena. Alilishika kwa kiganja cha kushoto, akateremsha keekee. Mdharau mwiba mguu huota tende. Makofi ya bibi yakasikika mlangoni, laini, yenye adabu. Kiganja cha baba kikaondoka juu ya bamba kabla akili haijaulizwa. Alipoanza kuchutama, mikono yake ikakutana usawa wa meza, na bamba lililoachwa likazunguka pamoja na keekee.

Mlio wake ninao mpaka leo: mvumo mfupi, kama wa ndege mkubwa anayepita karibu na sikio. Vidole viwili vilibaki pale. Yakobo alikuwa tayari anausukuma mkanda, akimwita Mungu kwa sauti ndogo. Bibi alibaki amechutama mlangoni, viganja vyake vimekutana, akisubiri jibu.

Hakuja tena. Alimwambia mama, “Mkwe wangu asinisalimie. Mkono wake nimeula mimi.” Hata msibani, akisikia baba yupo, alizunguka nyuma ya nyumba. Mama alikonda, maana aliishi kati ya watu wawili aliowapenda ambao hawakuweza kuonana. Kidonda kilipokauka, baba alibeba ule mguu wa mashine begani, akanichukua mpaka Mbozi. Alichutama uani, kando ya kahawa iliyoanikwa, akapiga makofi. Sauti ilitoka bapa, na pengo ndani yake. Bibi alikuwa ndani. Tuliuona ukingo wa kitenge chake nyuma ya mlango. Baba hakuacha. Jua lilihama mgongoni mwake.

“Baba, twende,” nikamwomba.

“Mkwe hajajibu, mwanangu. Nitaondokaje?”

Mwishowe makofi yakatoka gizani mwa nyumba, machache, yakifuatwa na kilio. Kisha sauti yake: “Na lile tundu la mwisho?”

“Nimelitoboa, mama. Safari hii nililifunga bamba.”

Leo banda lile ni duka la simu. Mafundi wa Tunduma wana mashine za umeme zinazozimwa kwa kidole, na vijana huwasalimia wakwe zao kwa simu iliyobanwa begani, mikono ikiendelea na kazi. Siwalaumu. Vidole vyao ni vizima, na kwa hilo namshukuru Mungu. Bibi alitangulia, baba akamfuata kwa amani. Lakini kanisani, mapambio yanapokolea na watu wote wanapiga makofi, mimi huyasikia yale yenye pengo, upande wa wanaume, yakichelewa kidogo nyuma ya mengine. Sigeuki. Natuliza mikono yangu mpaka yaishe, kisha nayajibu.