Alama ya Munyiva

Mimi hushona mapazia, na kwa miaka kumi na minane cherehani yangu imetazamana na ile hoteli ya matofali hapa Machakos mjini. Nilichokiona huko bado kinanikera.

Fundi wa kuitunza hoteli hiyo alikuwa Mzee Ndambuki, ambaye umri wake na wa jengo haupishani sana. Orofa mbili, matao matano barazani, paa la vigae vyekundu, na kuta nene hivi kwamba hata Februari, mji mzima ukiungua kwa jua, ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Kati ya matofali hapakuwa na simiti, ila chokaa na mchanga wa mto. Aliyethubutu kumletea simiti alitukanwa kwa Kikamba ambacho siwezi kukiandika hapa.

Matofali hayo yalifinyangwa na akina mama. Kila mmoja alibonyeza kidole gumba kwenye tofali likiwa bichi, ili tanuri likifunguliwa ijulikane lake ni lipi. Munyiva, mamake Ndambuki, alikuwa mmoja wao, na mwanawe mgongoni. Alifariki Ndambuki akiwa darasa la tatu, wala hakuacha picha. Alama yake, ndogo kuliko zote, ilionekana kwenye tofali moja tu, kushoto kwa mlango mkubwa, usawa wa kiuno. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mzee alitia kidole chake hapo. Kidole cha mwisho, kwa sababu gumba lake halikuingia. Mama alikuwa na mikono midogo.

Kisha Maundu akainunua hoteli. Kijana wa Kathiani, viatu vimechongoka mbele, kila kitu kwake ni cha kung'olewa.

"Hii matofali inakaa ya jela," alisema. "Tunapiga plasta yote, tunaweka taili nyeusi."

Taili nyeusi! Kama choo cha stendi.

Ndambuki hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, tofali la mama yake. "Hiyo moja ya mwaitu, niachie."

"Hiyo tutaacha, mzee. Haki ya Mungu," Maundu akajibu mbele ya mafundi wote, nami nikisikia.

Wiki hiyohiyo mzee akaenda Kithimani kumzika dada yake. Aliporudi baada ya siku tatu, ukuta ulikuwa wa kijivu kutoka pembe hadi pembe. Alisimama pale mlangoni akipapasa plasta mbichi kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Usijali, mzee," Maundu akamwambia. "Niliitoa vizuri. Nimekuwekea ndani, utaiona siku ya kufungua."

Mzee akaamini. Hata mimi niliamini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siku ya kufungua alivaa koti lake la kanisani.

Nilikuwa mapokezini nikitundika mapazia. Juu ya kaunta, ndani ya fremu ya dhahabu, palikuwa na tofali lenye alama ya kidole, na taa ndogo ikilimulika. Wageni walikuwa wakilipiga picha. Ndambuki akavua kofia, akasogea, akatia kidole cha mwisho. Kikaogelea. Akajaribu gumba. Likaingia lote, na nafasi ikabaki.

"Huyu si mwaitu," akasema polepole.

"Mzee, usiguse," akasema Linet, msichana wa mapokezi. "Hiyo ni ya wageni."

Maundu alikuwa hapohapo. Akacheka. "Ile ilivunjika kidogo wakati wa kutoa. Lakini si historia ni ileile?"

Nilitamani kumtemea mate. Nilijua vifusi vya matofali waliyoyavunja ukutani kabla ya plasta vilikokwenda, maana nilikuwa nimevikanyaga asubuhi hiyo nikileta mapazia. Walikuwa wamefukia navyo mashimo ya langoni. Nikamwambia mzee.

Akatoka. Akapiga magoti langoni na koti lake la kanisani, akaanza kuchokora vipande kwa mikono, kimoja kimoja, akijaribu kila kimoja kwa kidole cha mwisho. Magari ya wageni yakajipanga nyuma yake yakipiga honi.