Sweta za Fagia

Jumatano ile ya soko naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyopewa uhai wa baba yako mkononi, nikautumia kufungia vikombe. Kaa kwanza. Hilo jaketi la kwendea mlimani ulilokuja kunionyesha liweke hapo kwenye kiti. Nitalisema baadaye, na nitalisema vibaya.

Wakati huo nilikuwa nauza mitumba Busia, upande huu wetu wa Uganda, na baba yako Othieno, mdogo wangu, alikuwa ametoka nyumbani Kisoko kuja kunisaidia kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo wa miaka hamsini. Belo, lile furushi kubwa la mitumba, likifunguliwa, wenye macho huvuta kwanza nguo safi zisizo na doa, hizo tunaziita kamera. Zile za chini, zenye matundu na kola zilizochakaa, ndizo fagia, kwa sababu zimebaki za kufagiwa tu. Mimi nilijiona bingwa wa kamera. Hakuna aliyeniwahi kwa jinzi nzuri.

Vijana wa kanisa letu walipopanga kupiga kambi siku tatu Mlima Elgon, nikatuchagulia mimi na baba yako nguo: jinzi nzito, fulana za pamba, na sweta zenye kofia, pamba vilevile, nene, nyekundu. Tulipendeza. Usinicheke, tulipendeza kweli.

Jirani yangu wa kibanda alikuwa mama mmoja Msamia, Mama Wandera, ambaye usichana wake aliumaliza huko mlimani akichuma kahawa za watu. Akaja akashika mkono wa sweta yangu, akausugua kati ya vidole kama mtu anayepima unga.

"Wewe mtoto, nakwenda mlima na pamba?"

"Si unaona ni nene, mama?"

"Nene ya nini? Kule mvua nanyesha mchana wote. Pamba ikilowa nakunywa joto yako, namaliza." Akarudi kibandani kwake, akachomoa kwenye rundo la fagia sweta mbili za sufu za rangi ya matope, moja ikiwa na tundu la kiwiko la kupitisha ngumi. Akaongeza magunia mawili matupu. "Hii hata ikilowa nashika joto. Gunia tandika chini, baridi ya kule natoka kwa udongo. Chukua, sitaki pesa."

Mwanangu, Mungu anisamehe. Nilimjibu mama wa watu mbele ya wateja: "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Aliziacha juu ya meza yangu, akaenda zake.

Nilizibeba, lakini si kwa adabu. Birika na vikombe vya bati vya kikundi vilikuwa vinagongana ndani ya begi langu, nikavifunga kwa zile sweta visipige kelele. Magunia nikayatandaza juu ya mzigo. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi siku hiyo nilikuwa punda kamili.

Sisi wa huku, baridi tunayoijua ni ile ya alfajiri ya kwenda shambani. Unajikunyata kidogo, jua likitoka umeshaisahau. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ya kwanza mlimani, saa nane mchana, tukiwa bado njiani, mvua ikatushukia, na upepo juu yake. Jinzi zikawa nzito hata mguu ukawa haunyanyuki. Baba yako alitetemeka mpaka meno yakasikika. Tulipofika mahali pa kambi akaacha kutetemeka. Nami mjinga nikafurahi, nikasema ameshazoea.

Alipewa maji, kikombe kikamponyoka. Akacheka peke yake. Akaniambia, "Dada, nasikia joto," akaanza kuvua sweta. Kiongozi wetu wa njia, Msebei mmoja mfupi, mwenyeji wa mlima huo, akaruka.

"Huyu nakufa! Nani iko na nguo ya manyoya? Kavu!"

Tulikuwa watu kumi na wawili. Kila mmoja akafungua begi lake, na kila begi lilikuwa pamba, tena pamba iliyolowa. Nilisimama pale nikimwona mama yetu Kisoko mbele ya macho yangu, ananiuliza mwanawe nimemwacha wapi. Ndipo nikakumbuka vikombe.

Nilimwaga begi lote matopeni. Zile sweta, chini ya magunia, katikati ya bati, zilikuwa kavu ila mkono mmoja tu. Tukamvua zote zilizolowa, tukamvisha sufu mbili moja juu ya nyingine, tukatandika magunia, tukamlaza. Kiongozi akaniamuru nimkumbatie mgongoni, akakataza mtu kumsogeza karibu na moto wala kumsugua, maana joto la ghafla humuua mtu wa hali ile. Alipoweza kumeza, tukampa chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Dhopadhola, kwa kila lugha niliyokuwa nayo.

Baada ya muda akaanza kutetemeka tena. Mimi nikalia, kiongozi akacheka kwa furaha. "Sasa mzuri! Mwili narudi kazini." Na neno la kwanza la maana alilotamka baba yako ni hili: "Dada, hii sweta inanuka." Nilimbusu kichwa, pamoja na harufu yake yote.

Tuliporudi Busia nilikwenda kibandani kwa Mama Wandera, nikapiga magoti mbele ya wateja, pengine ni walewale. Nikamweleza yote, hata habari ya vikombe. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Kwani kikombe ilivunjika?" Nikasema hapana. Nilipotaka kumrudishia sweta akasukuma mkono wangu. "Kaa nayo. Atakuja mwingine hajui baridi." Sasa amelala kaburini kwao Masinya, na kila nikipita huko namshukuru kwa sauti, watu waniite mwendawazimu wakipenda.

Basi huyo mwingine ni wewe. Lete beseni. Chovya mkono wa hilo jaketi lako linalong'aa, ukamue, ulivae upande huo kwa muda wa kunywa chai, uone kama mkono wako utalisifu. Mitumba ina kila kitu, lakini usiulize inapendeza vipi, uliza ikilowa itakuwaje. Ya ndani iwe sufu au kitambaa kisichonyonya maji, juu yake sweta, juu kabisa kitu cha kuzuia mvua na upepo. Jinzi iache hapa, nitakutunzia. Soksi zisikubane vidole. Nguo ya kulalia ifunge ndani ya nailoni na usiiguse mpaka uingie hemani, hata ukijaribiwa. Na blanketi moja chini yako lina faida kuliko mawili juu, maana ardhi hailali. Mwenzako akiacha kutetemeka akiwa bado amelowa, usifurahi kama mimi. Piga kelele. Zaidi ya yote, mtu mzima akikupa kitu kibaya kwa macho, kipokee kwa mikono miwili.

Haya, shika. Ndiyo ile sweta yenyewe. Kiwiko nilikishona, harufu imebaki kidogo, muulize baba yako. Nikikutazama ulivyosimama mlangoni, mrefu kama yeye, najua ni nani wa kumshukuru. Mungu aliyeiweka sweta hii kati ya vikombe kabla sijajua kuiomba, akutangulie mlimani, akupandishe ukiwa na joto, akushushe ukiwa na joto. Na ukikuta huko juu mtoto wa watu amelowa, mvue pamba yake umvike hii, wala usiirudishe kwangu.