Chupa Niliyompa Pasta

Nisikilizeni, lakini musinicheke kwa sauti. Mimi ni shofere wa pasta wetu hapa Kamina. Juzi, tukienda naye Kabongo, tulifunga vioo na kuwasha clim, ile mashine ya kupoza hewa ndani ya motoka, kwa sababu ya joto. Tuliposimamishwa kwenye barieri ya kwanza ya barabarani nikaona maji yakidondoka chini ya motoka. Nikajisemea: Radiatere imetoboka, motere itaungua, tutalala porini!

Lakini kila barieri maji yalidondoka, na kila nilipofungua kapo, kile kifuniko cha motere, nilikuta maji ya radiatere hayajapungua hata kidogo. Hapo nikaacha kuogopa motere, nikaanza kumwogopa Mungu. Nikakinga yale matone kwenye chupa.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa, nikatoa ushuhuda wa radiatere inayovuja bila kupunguka. Wamama wakapiga vigelegele. Pasta akapokea chupa kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa.

Baba mmoja anayetengeneza frigo sokoni akainua mkono. "Shofere, clim ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ile ndiyo maji ya clim. Zote zinatoa maji vile wakati ya joto. Radiatere yako iko muzima."

Pasta akashusha chupa polepole, akanikazia macho.

"Shofere, sasa miye nimekunywa nini?"