Eti Mlango Wangu Utazame Ziwa

Leo nimegombana na mtaalamu mbele ya kijiji kizima.

Katuletea mwongozo wa kujenga hapa kando ya ziwa Kitangiri, eti kijiji kipendeze. Kila mlango utazame ziwa.

Nikasimama. "Wewe binti, hata shikamoo hujanipa, unataka kunigeuzia mlango?"

Akaona aibu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wakati wa Ujamaa walitupanga mstari, milango itazame barabara. Mimi na jirani yangu Mama Elisha tukakataa. Tukajenga milango ikitazamana, ili kila asubuhi nione moshi wake, naye aone wangu. Usipouona, unakimbia kumwangalia mwenzako. Hilo ziwa litanijulia hali?"

Makofi! Binti akaandika: milango itazamane. Nikavimba kichwa.

Kisha akauliza, "Huyo jirani yuko wapi, bibi, nimsikilize na yeye?"

Nikajifunga kanga, nikashika njia ya nyumbani.

Mama Elisha tulimzika masika. Nyumba yake ina kufuli.

Nimerudi, nimewasha moto. Moshi umetoka vizuri tu.

Nyie watoto wa Mama Elisha mliojazana mjini, najua mnanisoma hapa kwenye kundi letu la simu. Mmoja wenu aje afungue ule mlango. Moshi wangu nani atauangalia?